Sentensi Kumi na Sita

Kosa la tatu la Lupakisyo mwezi ule lilikuwa kumpa mgongo mama mkwe wake.

La kwanza lilimhusu mke wa mchungaji. Alisimama mlangoni pa mashine ya kusaga anayoiendesha Lupakisyo, pale Magomeni, Kilosa, na ndoo yake ya mahindi, akasalimia mara mbili, kisha akaibeba ndoo yake kimyakimya akaenda kusaga Mabwerebwere. La pili lilimhusu mzee Nikolaus, anayeheshimika mpaka mbwa wa mtaa wanampisha. Alimwita Lupakisyo kwa nyuma kutoka barazani kwake, na Lupakisyo akaendelea na safari yake kana kwamba aliyeita ni upepo. Watu wakaanza kusema. Magomeni watu hawakosi la kusema, lakini safari hii walikuwa na haki yao, maana kumnyima mtu salamu si jambo dogo.

Hili la tatu ndilo lililomtia Selestina, mkewe, wazimu, kwa sababu huyo mama mkwe ni mama yake mzazi. Bibi Odilia aliteremka kutoka milimani na kuku mmoja, akapitia mashineni kumjulia hali mkwewe kabla ya kwenda nyumbani. Akasimama mbali kidogo, kama inavyompasa mwanamke mbele ya mume wa binti yake, akasema, "Hamjambo hapa, baba?" Akasema tena. Mara ya tatu wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaanza kutazamana. Bibi Odilia akamweka kuku chini, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba, akageuka, akapanda gari la kurudi kwao bila kufika kwa bintiye.

"Kuku huyu ametoka wapi?" Selestina alimuuliza mumewe aliporudi mchana kula.

"Nimemkuta mlangoni pa mashine."

"Umemkuta! Mama yangu ametoka milimani, amekusalimia mara tatu, umempa mgongo, halafu unasema umemkuta kuku?"

Lupakisyo akaketi, akanawa mikono polepole. Alikuwa mtu wa maneno machache, mrefu, mwenye unga kwenye nyusi. "Sikumwona."

"Nani kataja kuona? Nimesema amekusalimia."

"Mashine inapiga kelele, Mama Angela."

"Mashine!" Selestina akaweka bakuli la mboga kwa nguvu hadi mchuzi ukaruka. "Juzi mimi nimesimama palepale aliposimama yeye, wala sikupaza sauti, nikakwambia chumvi imekwisha. Ukanijibu bila hata kugeuka, 'Kachukue dukani kwa Yusrah.' Siku hiyo mashine ilikuwa imelala?"

Lupakisyo akamega ugali.

Hilo ndilo lililokuwa likimkereketa Selestina. Asingekuwa anasikia, ingeeleweka. Lakini miaka ishirini na mitatu ameishi na mtu huyu, na anajua kwamba akinung'unika jikoni, yeye akiwa uani, anamsikia. Akimsema chini ya pumzi wakiwa katikati ya gulio, anamsikia, anageuka na kusema, "Nimekusikia." Kwa hiyo masikio yapo. Kilichozidi ni kiburi, na kiburi cha msaga unga, jamani, kinaanzia wapi?

Siku hiyohiyo Theodory, mwenye mashine, alikuja mpaka nyumbani. Hakukaa. Alisimama mlangoni na funguo za pikipiki mkononi.

"Dada Selestina, wateja wangu wanakwenda Mabwerebwere. Si kwa sababu ya bei wala unga. Wanasema wanadharauliwa. Nimevumilia, lakini hili la mkwe limenishinda hata mimi." Akamtazama Lupakisyo. "Jumamosi saa nne nawaita wote aliowakosea. Aombe radhi mbele yao. Akishindwa, funguo za mashine aniachie palepale."

Lupakisyo alitikisa kichwa kukubali. Theodory alipoondoka, akamgeukia mkewe. "Amesemaje ya Jumamosi?"

Selestina alimtazama kwa hasira. "Si umemsikia?"

* * *

Wiki hiyo Selestina hakuweza kutulia mahali pamoja. Alifua nguo zilizokuwa safi. Alikwenda kwa jirani na kurudi bila kukumbuka alichofuata. Jumatatu akasikia kanisani kwamba kuna mtafiti kutoka chuo kikuu amepanga ukumbi, anatafuta wanandoa waliokaa pamoja zaidi ya miaka kumi, na kila mmoja anapewa posho. Akasema heri huko kuliko kukaa akihesabu siku. Akamburuta mumewe.

Mtafiti mwenyewe aliitwa Hildegarda. Watu walimwita daktari, naye kila mara akawasahihisha. "Mimi si daktari wa sindano. Nasoma jinsi akili inavyosikia maneno. Kwa mfano mko sokoni, kelele tupu, lakini mtu uliyemzoea akisema neno unalidaka. Akilisema mgeni, linakupita. Nataka kujua akili inafanyaje hapo."

"Sasa hiyo kompyuta ya nini?" Selestina aliuliza.

"Humo nimetengeneza msikilizaji wa kuigiza. Nampa sauti zilezile ninazowapa nyinyi, halafu natazama kama anakosea mahali mnapokosea."

"Umemtengeneza ili akosee?"

"Akipatia kila kitu hanifundishi chochote," alisema Hildegarda, akacheka. "Akikosea kama binadamu, ndipo najua nimekaribia."

Ikaja fomu. Kuna swali la kama mhusika ana shida ya kusikia. Kabla Lupakisyo hajafungua mdomo, Selestina alikwisha jibu: "Huyu? Anasikia hata ninayoyawaza." Lupakisyo akatabasamu, na Hildegarda akaandika hapana.

"Jina la pili la mzee?"

Selestina akafungua mkoba, akatoa kitambulisho cha mumewe, akakiweka mezani bila kusema. Hildegarda akasoma mwenyewe: Lupakisyo Boniface. Hakuelewa kwa nini hakutajiwa tu.

Alielewa baadaye, wakati wa kurekodi. Selestina alipewa orodha ya sentensi na kifaa cha kusemea, mumewe akaambiwa asubiri nje. Zilikuwa sentensi za ajabuajabu, kila moja inaanza na jina. Gerald, gusa nyekundu nne. Valentino, gusa bluu saba. Selestina alizisoma vizuri kwa sauti yake nzito, sauti iliyompa nafasi ya kudumu kwenye kwaya. Karatasi ya tatu akasita.

"Hii siwezi."

"Maandishi hayasomeki?"

"Yanasomeka. Hilo ni jina la baba mkwe wangu."

Hildegarda alisubiri aelezewe. Selestina akamweleza, kwa ufupi, kama mtu anayeeleza jua linachomoza wapi. Babu yake Lupakisyo alitoka Tukuyu kuja kukata mkonge, na ukoo ule haukuacha desturi zake njiani. Mwanamke aliyeolewa halitaji jina la baba mkwe. Yeye mwenyewe ni mtu wa milima ya hapa, lakini siku ya kwanza tu alipoingia katika nyumba ile mama mkwe alimketisha na kumwambia. Mzee alikwisha fariki miaka kumi na mmoja sasa. Hata hivyo hakupata kulitaja.

"Hata mkiwa peke yenu?"

"Hata nikiwa peke yangu."

Hildegarda akahesabu. Orodha yake ilikuwa moja kwa wote, na sentensi zenye jina lile zilikuwa kumi na sita. Akazipigia mstari wa kalamu nyekundu, akasema si kitu, watazitumia kwa sauti ya mama mwingine aliyemrekodi Mikumi, Verdiana, muuza chakula kando ya barabara kuu. Naye ana sauti nzito.

Kesho yake ikawa zamu ya Lupakisyo kusikiliza. Akavishwa visikizio vikubwa, mbele yake kibao cha kugusa chenye rangi na namba. Selestina alikaa kwenye benchi la nyuma, goti likimcheza. Kutoka pale hakusikia kitu. Aliona tu kidole cha mumewe kikienda na kurudi. Mara nyingine kidole kilisita hewani muda mrefu, kikashuka popote. Mara nyingine kilikwenda moja kwa moja, na hapo uso wa Lupakisyo ulilainika akatabasamu kidogo, peke yake. Selestina alijiuliza anachekelea nini mtu ambaye Jumamosi huenda akapokonywa kazi.

* * *

Alhamisi Hildegarda alipiga simu. Alikwisha hamia Mikumi kuendelea na kazi, na alitaka waende huko, nauli juu yake.

"Kuna nini?" Selestina aliuliza.

"Matokeo ya mzee yamenisumbua. Sipendi kuyasema kwenye simu, na ni yake, lazima ayasikie yeye."

Ijumaa saa tatu walikuwa Mikumi, kwenye uwanja wa nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara kuu. Malori ya kwenda Zambia yalipita yakitikisa vikombe mezani. Hildegarda alikaa nyuma ya kompyuta yake, macho yamevimba kwa kukosa usingizi.

"Mzee," alianza, "ungependa tuzungumze sisi wawili kwanza, au mama awepo?"

"Ndiyo," alisema Lupakisyo.

Hildegarda akangoja. "Ndiyo awepo?"

"Ndiyo, ndiyo." Akatabasamu kwa adabu.

Selestina aliona aibu. Akamgusa kwa kiwiko. "Jibu vizuri. Anauliza nikae au nitoke."

"Kaa," Lupakisyo akasema mara moja. "Kwa nini utoke?"

Hildegarda aliwatazama wote wawili kwa zamu, kwa namna ya mtu aliyethibitisha jambo asilolipenda. Akaanza kueleza. Kila baada ya maneno mawili matatu Lupakisyo alitikisa kichwa kwa unyenyekevu, kama muumini mbele ya mahubiri.

"Kompyuta yangu ilishindwa kumwigiza," alisema. "Kwa wengine wote niliowapima Kilosa ilikaribia. Yeye, kwa sauti za wageni, alikosea kuliko mtu yeyote. Hata nilipoondoa kelele zote, sauti ya yule mama wa hapa Mikumi aliipata nusu tu. Lakini kwa sauti yako, mama, katikati ya kelele ambazo vijana wa miaka ishirini walishindwa, yeye alipatia. Mtu mmoja, masikio yaleyale. Nikadhani nimechanganya mafaili."

"Hutaki kuniambia kwamba ni kiburi?" Selestina alisema. "Sema tu."

"Ngoja. Nikaanza kumziba masikio yule msikilizaji wangu wa kwenye kompyuta. Nikamwondolea sauti nyembamba, kidogo kidogo. Sauti za watoto, za filimbi, zile sauti za mwisho wa maneno. Nikafika mahali akaanza kukosea kama mzee, karibu kosa kwa kosa. Lakini sauti yako bado akawa haipati kama anavyoipata yeye. Nikamlisha rekodi yako, saa mbili zote, nikazirudia usiku kucha, ndipo akasogea. Mama, mko kwenye ndoa muda gani?"

"Ishirini na mitatu."

"Hiyo sina namna ya kuiingiza humu," alisema Hildegarda.

Lori lilipita. Lupakisyo alitikisa kichwa tena, kwa heshima, akiitazama midomo ya mtafiti. Selestina alimwona akitikisa. Alikuwa anakubali kitu gani?

"Kuna jambo moja zaidi," Hildegarda aliendelea, sasa akimtazama Selestina tu. "Zile sentensi kumi na sita ulizokataa. Zote amezisikiliza kwa sauti ya Verdiana. Mtu yeyote, hata awe na kelele gani, jina la baba yake likipita hushtuka. Niliwapima wengine ambao majina ya baba zao yamo kwenye orodha, wanashtuka. Yeye limempita mara kumi na sita. Alikuwa ameketi anasubiri sentensi inayofuata."

Selestina aliweza kuamini mumewe anamdharau mke wa mchungaji. Kwa hasira ya wiki ile aliweza kuamini hata anamdharau mama yake. Lakini anamjua mtu huyu alivyolala sakafuni siku tatu pembeni ya jeneza la baba yake, anajua kila Pasaka anavyokwenda na jembe kupalilia kaburi lile. Hakuna kiburi cha kumfikisha mtu huyo mahali pa kusikia jina la mzee yule na kutogeuza shingo.

"Hajasikia," alisema.

"Mimi si hospitali. Nilipaswa kumpima masikio kabla ya kuanza, nikaridhika na fomu. Kosa ni langu. Nitawaandikia barua mkapimwe hapahapa Mikumi. Vifaa vya kusaidia kusikia vipo. Si rahisi kupatikana, wala si bei ndogo, lakini vipo."

"Ndiyo," alisema Lupakisyo. "Asante sana, mwalimu."

* * *

Walitoka nje, wakasimama kando ya barabara kusubiri gari. Selestina hakusubiri.

"Tangu lini?"

Alisema kwa sauti ya chini, na lori lilikuwa likipita, na Lupakisyo alimsikia. Sasa hata hilo lilimchoma.

"Nini tangu lini?"

"Usinifanye mjinga, Baba Angela. Nimekuwa mjinga kiasi cha kutosha."

Lupakisyo akafuta unga ambao siku hiyo haukuwepo kwenye nyusi. "Tangu Angela alipoanza darasa la kwanza. Nilianza kuwapoteza watoto. Wanakuja wanasema, naona meno tu. Halafu akina mama. Halafu wanaume nao."

Angela sasa alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi Morogoro. Kila Jumapili alipiga simu, na kila Jumapili baba yake alisema "Mpe mama yako" na kumkabidhi Selestina simu. Selestina alimsema sana kwa hilo. Alimwambia ana roho ngumu, hana hata neno moja la kumpa mtoto.

"Na mimi hukuniambia."

"Wewe nilikuwa nakusikia."

"Ndiyo maana ungeniambia!"

"Ndiyo maana sikukwambia." Alisema polepole, akitafuta maneno kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka kwenye pumba. "Mtu akijua huyu ni kiziwi, anabadilisha sauti. Anapayuka. Nilimwona mzee mmoja kule mashambani, kila mtu akimwongelesha anapiga makelele, mpaka mkewe. Nikasema Mama Angela akianza kunipigia makelele, sauti yake itakuwa si ile tena. Nitampoteza na yeye."

"Na watu wanaposema una kiburi?"

"Waseme. Mwenye kiburi anaomba radhi, anabaki na kazi. Kesho mimi nitaomba radhi. Kwani Theodory atamwachia mashine mtu asiyesikia?"

Selestina akatafuta pa kuitoboa hoja ile, hakupapata. Kesho mumewe angesimama mbele ya mtaa na kukiri kosa asilolitenda, na wangeendelea kula. Au angesema kweli, na wasingejua Jumatatu watakula nini. Gari likaja. Kondakta alipiga kelele mara mbili "Kilosa, Kilosa!" usoni mwa Lupakisyo, naye akamtazama Selestina ili ajue kama ndilo.

* * *

Jumamosi saa nne mashine ilikuwa imezimwa. Theodory alipanga mabenchi mawili chini ya bati. Mke wa mchungaji alikuja na mwavuli. Mzee Nikolaus alikuja na fimbo. Bibi Odilia aliteremka tena, akaketi mwishoni kabisa mwa benchi, macho chini, safari hii bila kuku. Nyuma yao wakajaa wasiohusika, ambao ndio huwa wengi siku kama hizo.

Lupakisyo alivaa shati la kanisani. Aliwaamkia wote, akatoa hotuba aliyoifanyia mazoezi asubuhi yote uani. Alisema amekosa. Alisema shughuli nyingi zimemfanya asahau utu, akasema dharau ni jambo baya na anaomba asamehewe, tangu kwa mama mchungaji, kwa mzee wetu, mpaka kwa mama mkwe wake, ambaye alimdharau mbele za watu. Selestina aliposikia neno lile, alimdharau, alikaza kanga kiunoni na kutazama miguu yake mwenyewe.

Theodory aliridhika. Alikwisha inua mkono kufunga kikao, Bibi Odilia akasema. Mwanamke yule hakuwa na sauti kubwa, na aliyoyasema aliyasema akiwa bado ameinama.

"Baba, mimi nilikukosea nini?"

Lupakisyo, aliyekuwa akimtazama Theodory, alitabasamu kwa adabu na kuanza kurudi alipokuwa amekaa.

Watu wakaguna. Mke wa mchungaji akasema "Yesu wangu." Mzee Nikolaus akagonga fimbo chini. "Umeona? Mzazi anauliza, yeye anacheka! Radhi gani hiyo?"

Lupakisyo akaona nyuso zimegeuka. Hakujua kilichotokea. Akafanya kile alichokuwa akifanya miaka yote bila mtu kutambua, akamtafuta mkewe kwa macho.

Selestina angeweza kumwambia chochote. Angeweza kumwambia, mama amekusamehe, mshukuru, na angeshukuru, na mambo yangeisha kwa namna moja au nyingine. Alifungua mdomo mara ya kwanza pakatoka hewa. Mara ya pili akasema, kwa sauti yake ya siku zote, bila kupaza:

"Mama anauliza, alikukosea nini."

Lupakisyo akageuka, akamwona mama mkwe wake ameinama, vidole vikisokota pindo la kitenge. Ile hotuba ilikuwa bado mdomoni mwake, ilibaki kuirudia tu. Akapiga magoti kwenye vumbi la pumba, mbali kidogo naye, kama inavyompasa.

"Mama, hujanikosea kitu. Sikukudharau, na nilivyosema hapa nimedanganya. Mimi sisikii. Ni miaka mingi sasa. Hata hivi umeniuliza sikusikia. Nimemsikia Mama Angela."

Yakaja yote pamoja: pole, Mungu wangu, kumbe, na mke wa mchungaji akapaza sauti kweli, karibu na sikio lake, "POLE SANA, BABA!" Lupakisyo akafumba macho.

Bibi Odilia aliinua uso. "Mwambie mkwe wangu nimemsalimia," alimwambia bintiye. Selestina akamwambia. "Shikamoo, mama," akasema Lupakisyo, bado amepiga magoti. "Marahaba," akasema bibi, na Selestina akamfikishia na hilo.

Theodory alikuwa ameketi kwenye mzani. Hakuwa mtu mbaya. Alionekana tu hajui aweke wapi mikono. "Selestina," alisema, "muulize, mkanda wa mashine ukianza kulia anajuaje?"

Akamuuliza.

"Kwa mkono," Lupakisyo alijibu, akaweka kiganja hewani kama alivyokiweka kila siku juu ya bati la mashine. "Unatetemeka tofauti."

Theodory alifikiri sana. Alikiangalia kiganja kile. "Na mtu akinaswa, akapiga kelele, utamsikia kwa mkono?" Hakusubiri Selestina amfikishie. Akanyoosha mkono, na hilo Lupakisyo alilielewa bila kuambiwa. Akafungua funguo kwenye mkanda wa suruali, akampa.

"Nendeni kwanza mkapimwe," Theodory akasema kwa Selestina, bila kumtazama. "Halafu tutaona."

* * *

Walirudi kwa miguu, wakifuata njia ya kando ya reli. Bibi Odilia alitangulia mbele, hatua ndefu za mtu wa milimani, akiwaacha. Selestina, ambaye hajapata kumaliza dakika tano bila kusema, alitembea kimya. Kila neno lililomjia aliliona ni la kulaumu, au la kujilaumu, au la Jumatatu, akalimeza. Walipita bustani za mchicha, wakapita nyumba za zamani za reli, yeye kimya.

Lupakisyo alisimama.

"Mama Angela. Sema kitu."

"Niseme nini?"

"Chochote. Ukinyamaza wewe, kote kumenyamaza."

Selestina alimtazama. Akajikuta anaanza, kwa pupa, kama mtu anayeuzima moto ulioshika nyasi. Akasema kuku wa mama bado yuko, hajamchinja, leo atamchinja. Akasema Yusrah amepandisha chumvi, mwizi yule. Akasema mke wa mchungaji mwavuli ule ni wa kwaya, aliuchukua mwaka jana akasahau kuurudisha. Akasema Jumapili Angela akipiga simu watamwambia pamoja, na yeye atayarudia maneno ya mtoto moja moja, hata kama vocha itakwisha. Lupakisyo alitembea pembeni yake, kichwa kimeinama upande wake, ule ulaini ukirudi usoni, na Selestina akautambua. Ndio aliouona kutoka kwenye benchi la nyuma, ukumbini.

Akanyamaza tena. Aligeuka nyuma, hakukuwa na mtu. Mbele mama yake alikwisha pinda kona. Alisikia moyo wake ukipiga kama siku ya kwanza alipoketishwa katika nyumba ile.

"Boniface," alisema.

Lupakisyo alisimama katikati ya njia kama mtu aliyeshikwa begani.

"Tangu tumzike sijalisikia," alisema. "Kwenye ibada ya kumkumbuka mchungaji alilitaja. Niliona midomo tu." Akafuta macho kwa mkono wa shati la kanisani. "Sema tena."

Akasema tena. Wakaendelea kutembea, naye akawa analisema, mara peke yake, mara likiwa na maneno mengine nyuma yake, gusa nyekundu nne, gusa bluu saba, mpaka wote wawili wakacheka huku wanalia. Walipofika mlangoni hakujua amelisema mara ngapi, lakini zilipita kumi na sita.